Beni: neno la kuazima, ngoma ya nani?

Hapa kwetu, mtu akisikia Beni, anafikiri kwanza muji wa Kivu ya Kaskazini. Si ule tunaosema hapa. Beni hii inatoka ku neno la Kiingereza « band », ni kusema kundi la wapiga vyombo. Watu wa Lamu na Mombasa walilichukua mwisho wa karne ya 19, wakalipanua: beni ikakuwa ngoma nzima, pamoja na mashindano, sare, karamu na chama chenyewe. Askari na wapagazi wa vita vya 1914-1918 wakaisambaza mbali. Nyuma, wafanyakazi wa migodi wakaicheza Rhodesia ya Kaskazini na hata Katanga. Huko wengi walisema mbeni.

Vyama hivyo vilikuwa na vyeo: Kingi, Gavana, Daktari. Njo maana wasomi wamoja wanasema: « Ile si mila, ni kuiga wazungu tu. » Hukumu hiyo ni ya haraka. Wanaangalia kofia, hawaangalii kazi ya chama. Mtu aliyekuwa mbali na ukoo wake, nani angemusaidia akiugua? Nani angemuzika? Ni wenzake wa beni. Tena, wafanyakazi walipogoma kule migodini mwaka 1935, serikali ya Waingereza ilivishuku vyama vya mbeni. Mwenye kuiga tu hamutishi yule anayemuiga.

Lakini tusisifu yote. Kule Lamu, kila upande ulitaka kuushinda mwingine kwa karamu, na mali mingi ikapotea. Furaha ya kushindana inaweza kukuwa muzigo wa jamaa. Hata leo tunaona ndoa na matanga zinazoacha madeni.

Basi, tukichagua ngoma za kuonyesha watoto wetu, tusiulize tu neno limetoka wapi. Kitabu kimetoka kwa Waarabu, meza kwa Wareno, shule kwa Wadachi, nani atavitupa? Tuulize: watu walitia nini ndani ya neno hilo? Malawi wangali wanacheza beni mupaka leo, na hakuna anayewaambia kama wanacheza ngoma ya wageni. Sisi huku, tukiifuta ju ya jina lake, tutafuta pia ukumbusho wa wazee waliojenga undugu kambini, kati ya watu wasiokuwa wa kabila moja.