Mwalimu Asiyesikia

Msomaji mpendwa, nakuomba uingie nami kwa dakika chache katika nyumba ya jirani yangu mmoja, wakati wa magharibi. Sebuleni ameketi mtoto wa miaka minne juu ya mkeka, uso wake umeielekea televisheni. Mlango wa jikoni u wazi, na huko nyanya yake anachambua maharagwe katika ungo. Kipindi kinachoonyeshwa ni cha mafunzo ya watoto wadogo. Mnyama mmoja wa kuchorwa anaonyesha maembe juu ya meza, anauliza ni mangapi, kisha ananyamaza ili ajibiwe. Mtoto anainua kiganja chote na kupaza sauti: "Matano!" Maembe ni manne. Mnyama anatabasamu, anapiga makofi na kusema, "Hongera! Umejibu vizuri sana!" Mtoto naye anajipigia makofi kwa furaha.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kila nikikikumbuka naona kwamba ndani yake mna shauri zima la televisheni ya mafunzo. Mwalimu huyu amejaliwa sauti tamu, rangi za kupendeza na subira isiyokwisha. Hachoki, hakasiriki, wala hashiki kiboko. Ila hasikii. Simfananishi na kiziwi, maana kiziwi huitazama midomo yako na mikono yako akajua unalosema. Huyu hakusikii wala hakuoni. Wako watu wanaomsifu kana kwamba ameleta ukombozi, na wako wanaomlaani kana kwamba ni mwizi aliyeingia nyumbani kwa dirisha. Mimi nataka tumpime kama tunavyompima mwalimu yeyote, yaani kwa kuuliza mwanafunzi wake anajua nini baada ya somo ambacho hakukijua kabla yake.

Twende kwanza Marekani, ambako jambo hili lilijaribiwa kwa fedha nyingi na fikira nyingi. Mwaka 1966, katika karamu ya jioni mjini New York, Lloyd Morrisett alimsimulia mwenyeji wake, Joan Ganz Cooney, habari ya binti yake wa miaka mitatu. Mtoto huyo alikuwa akiamka mapema na kukaa mbele ya televisheni kabla matangazo hayajaanza, akiitazama picha tupu iliyowekwa na watangazaji kwa ajili ya kupimia mitambo. Hapakuwa na hadithi wala wimbo. Alitazama tu. Basi ikiwa mtoto aweza kuvutwa na picha isiyosema kitu, je, si afadhali mahali pake pawekwe herufi? Katika mazungumzo ya namna hiyo kilitungwa mimba kipindi cha Sesame Street, ambacho kilianza kutangazwa tarehe 10 Novemba 1969. Kiliwakusudia hasa watoto wa maskini, ambao walikuwa wakiingia shuleni wakiwa nyuma ya wenzao.

Ninawaheshimu waliokitengeneza kipindi hicho, na sababu yangu si vikaragosi vyao, ingawa vikaragosi vile vinachekesha hata watu wenye mvi. Sababu yangu ni kuwa walikubali kukosolewa na watoto. Mtafiti wao, Edward Palmer, alimketisha mtoto mbele ya televisheni, na kando yake akaweka pazia dogo lenye picha zilizobadilika kila baada ya sekunde 7.5. Kisha akaangalia ni wakati gani macho ya mtoto yalihama. Sehemu yoyote ya kipindi iliyoshindwa na picha zile za kando ilikuwa imejihukumu yenyewe. Wataalamu wa elimu ya nafsi walikuwa wameonya kwamba watu halisi wasichanganywe na vikaragosi, wasije watoto wakapotea baina ya kweli na ndoto. Watengenezaji walitii. Lakini mwaka 1969, vipindi vya majaribio vilipoonyeshwa kwa watoto mjini Philadelphia, macho yalihama kila walipotokea watu peke yao mtaani. Ndipo Jim Henson na wenzake walipomtengeneza Big Bird, ndege mrefu wa manjano, na Oscar, akaaye ndani ya pipa la taka, wakahamia mtaa ule ule wa watu. Shauri la wataalamu lilipinduliwa na watoto ambao hata kusoma hawakujua.

Hata hivyo hapa hatuna budi kusimama kidogo. Macho kukaza si akili kuelewa. Binti wa Morrisett aliikazia macho picha ya mitambo, na hakuna aliyedai kwamba alitoka pale na elimu. Kwa hiyo vipimo vya aina nyingine vilihitajika. Mwaka 1970 Samuel Ball na Gerry Ann Bogatz walitoa matokeo ya kuwapima watoto kabla ya msimu wa kwanza wa kipindi na baada yake: waliotazama zaidi walikuwa wamejifunza zaidi, hasa herufi na tarakimu. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe. Mwaka 1975 Thomas Cook na wenzake waliyafungua upya mahesabu yale yale, wakaona jambo lililofunikwa na shangwe hiyo. Katika utafiti ule baadhi ya nyumba zilikuwa zikitembelewa na watu waliowahimiza watoto na wazazi kukitazama kipindi. Faida kubwa ilikuwa huko. Mtoto ambaye hakuhimizwa na mtu alipata faida ndogo zaidi. Cook na wenzake wakaonya kwamba, ikiwa wenye nacho watatazama kwa kuhimizwa na wasio nacho watatazama kwa kuachwa, kipindi kilichokusudiwa kuziba pengo chaweza kulipanua.

Usidhani kesi iliishia hapo. Mwaka 1969 si kila mji wa Marekani ulikipata kipindi hicho vyema. Mahali pengine kilirushwa kwa masafa ambayo televisheni nyingi za siku zile hazikuweza kuyanasa. Bahati mbaya ya watu wale ikawa mizani kwa wanachuoni wa baadaye. Melissa Kearney na Phillip Levine, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, waliwalinganisha watoto wa mahali palipopata matangazo safi na wa mahali palipoyakosa. Wakaona kuwa wale wa kwanza, walipofika shule, walielekea zaidi kuwa katika darasa linalolingana na umri wao, na jambo hili lilionekana hasa kwa wavulana na kwa watoto weusi. Juu ya kazi na mapato yao ya ukubwani ushahidi haukuwa wazi. Basi asikudanganye mtu kwamba kipindi kile kilikuwa mchezo mtupu. Kilifundisha, na kilifundisha vizuri kile kinachoweza kuonyeshwa na kuimbwa: sura ya herufi, jina lake, na mfuatano wa tarakimu.

Lakini mpeleke mwalimu huyu kwa mtoto mchanga, nawe utaona uwezo wake unavyokatika kama maji ya bomba. Patricia Kuhl na wenzake, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, waliwachukua watoto wa Marekani wenye umri wa miezi tisa, wakawapa nafasi 12 za kusikia Kichina. Baadhi yao walichezewa na kusomewa vitabu na mtu aliyeketi nao sakafuni. Wengine walipewa maneno ya namna ile ile kwa televisheni. Wa kwanza waliweza kupambanua sauti za Kichina. Wa pili walikuwa kama watoto ambao hawakupata kuisikia lugha hiyo hata siku moja. Mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake walichapisha jaribio la video iliyotengenezwa ili kuwafundisha watoto wa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu majina ya vitu. Baada ya mwezi mzima, walioitazama hawakujua maneno zaidi ya wale ambao hawakuiona kabisa. Waliojifunza zaidi ni wale ambao wazazi wao walipewa maneno yale, wakaambiwa wayatumie katika mazungumzo yao ya kila siku, pasipo video yoyote. Jambo la kuchekesha, au la kuhuzunisha, ni kwamba wazazi walioipenda sana video ile ndio waliodhani kuwa watoto wao wamejifunza mengi.

Kwa nini iwe hivyo? Nadhani wewe msomaji unalo jibu tangu utoto wako, ikiwa uliwahi kukaa na wazee wakati wa jioni. Msimulizi anaposema "Paukwa!" huendelea na hadithi yake kabla ya kuitikiwa "Pakawa!"? Haendelei. Na katika vitendawili, je, mtegaji hulipa kila jibu hongera? Husikiliza, jibu la kosa hulikataa papo hapo, jibu la karibu hulichekea ili ajaye ajaribu tena, na wote wakishindwa hudai apewe mji. Mchezo wote umejengwa juu ya sikio la mtegaji. Mtoto hukua akijua kuwa neno lake linapokelewa, linapimwa na kurudishwa.

Watengenezaji wa vipindi wenye akili wameliona pengo hilo, na baadhi yao wamejaribu kulipunguza. Kipindi cha Blue's Clues, kilichoanza Marekani mwaka 1996, kilimweka kijana mwenye shati la mistari ya kijani, akawa anauliza swali, kisha anakutazama usoni na kunyamaza. Mtu mzima akimwangalia humwona mpumbavu. Mtoto hamwoni hivyo. Yeye hujaza kile kimya kwa jibu lake. Tena kipindi kimoja kilionyeshwa siku tano mfululizo pasipo kubadilishwa, na watafiti waliona kuwa kadiri watoto walivyokirudia ndivyo walivyoelewa zaidi na kujibu kwa sauti zaidi. Huu nauita ufundi wa kweli. Kijana yule hakusikii, lakini amekadiria muda unaouhitaji ili ufikiri, naye amekuachia muda huo. Ni adabu kubwa, ingawa si sikio.

Katika Afrika ya Mashariki tunacho kipindi cha Akili and Me, kilichotengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Akili ni msichana wa miaka minne akaaye na jamaa zake chini ya Mlima Kilimanjaro. Usiku akilala huingia nchi ya ndoto iitwayo Lala Land, ambako hujifunza herufi, hesabu na kuchora pamoja na rafiki zake wanyama. Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 na Dina Borzekowski uliona kwamba watoto waliokitazama waliwazidi wenzao katika mambo kama kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora. Nami nakipenda kwa sababu nyingine isiyopimika kwa hesabu. Mtoto wetu aliyezoea kujifunza rangi kwa theluji ya watu, hapa anajifunza kwa mlima unaotazamwa na Kenya na Tanzania, na kwa jina analoweza kulielewa. Hilo si jambo dogo. Lakini Akili naye, kwa wema wake wote, hawezi kujua kama mtoto aliye mbele yake amesema nne au tano.

Tena hawezi kumfikia kila mtoto. Utakumbuka mwezi wa Machi mwaka 2020, shule zote za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, nasi tukaambiwa masomo yatafuatwa kwa redio na televisheni. Mwaka uliotangulia, hesabu ya watu ilikuwa imeonyesha kuwa nyumba zenye televisheni inayofanya kazi zilikuwa asilimia 40.7 tu. Hata hivyo naogopa zaidi kosa jingine, ambalo huenda likaja kadiri televisheni zinavyoongezeka: kwamba tutaipata mashine, kisha tutaondoka sebuleni. Mama amechoka, baba hajarudi, na mtoto ametulia. Nani asiyeshukuru kwa utulivu huo? Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba mtoto aliyetulia mbele ya swali aliloulizwa na kulijibu bado anasubiri kusikiwa.

Nimekuacha mlangoni kwa jirani yangu muda mrefu, turudi tumalize. Makofi yalipokwisha, nyanya aliita kutoka jikoni bila kuinua uso: "Mjukuu wangu, hebu njoo." Mtoto akaenda. Nyanya akatenga maharagwe manne pembeni mwa ungo, akamwambia ayahesabu. Mtoto akaweka kidole juu ya kila moja kwa uangalifu mkubwa: "Moja, mbili, tatu, tano." Akahesabu tena, na mara ya pili akafika tano vile vile. Hakuwa amebahatisha mbele ya televisheni, wala hakuwa na haraka. Alihesabu vyema kabisa, ila katika hesabu yake namba moja haikuwamo, na yamkini haikuwamo kwa wiki nyingi za kupigiwa makofi.

"Na nne imekwenda wapi?" nyanya akamwuliza.

Mtoto akainama juu ya ungo, akaanza kuyafunua maharagwe, akiitafuta.