Mahali pa Monita Katika Chumba cha Futi Kumi

Katika mitaa ya Kitale, na vivyo hivyo mjini Bungoma kuelekea Kanduyi, vijana wanaorekodi muziki hufanya kazi aghalabu katika chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, chenye kuta za matofali zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji, na paa la mabati juu ya silingi bodi nyembamba. Na ndani ya chumba hicho huwekwa jozi ya monita zilizokula akiba ya miezi mingi. Monita, tofauti na spika ya sebuleni, hukusudiwa kusema kweli juu ya kilichorekodiwa, bila kukiongezea besi wala kukilainisha. Lakini kweli hiyo haimfikii msikilizaji mpaka ipite katika chumba, na chumba cha namna hii, kisiposhughulikiwa, huigeuza kabla haijafika sikioni. Kwa hiyo nashikilia kwamba saa chache za kuzihamisha monita kwa futi ya kupimia mkononi zina faida kubwa kuliko kununua monita za bei maradufu, na ithibati yake niliiona katika vyumba viwili, kimoja Kitale na kingine Bungoma.

Tuanze Kitale. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde katika hewa yenye joto la nyuzi 20, na ijapokuwa mji huo umekaa karibu mita 1,900 juu ya bahari, mwinuko haubadili kasi hiyo. Joto na baridi ndivyo viibadilishavyo, tena kidogo tu. Futi kumi ni takriban mita 3.05, na wimbi ambalo nusu yake huenea barabara baina ya kuta mbili zilizoachana kiasi hicho ni la hezi 56. Likisha kuamka, wimbi hilo huvuma kwa nguvu penye kuta na kufifia kabisa katikati. Na kwa kuwa urefu wa chumba ni sawa na upana, mawimbi ya pande zote mbili huangukia hezi zile zile, yakasaidiana kuharibu. Prodyuza aketiye katikati ya chumba kama hicho haisikii besi ya ngoma, basi huiongeza, na wimbo ukipigwa ndani ya matatu huwa ni mngurumo mtupu; na yule aliyeegemeza kiti ukutani huisikia kupita kiasi, akaipunguza, na wimbo wake ukatoka mwembamba.

Meza ya studio ile ilikuwa imewekwa pembeni, kwa sababu soketi ya umeme ilikuwa huko, na pembe ndiyo mahali pabaya kuliko pote, maana kila ukuta ulio karibu na monita huweza kuiongeza besi mpaka desibeli 6. Ilihamishwa hadi katikati ya ukuta unaoelekeana na mlango, ili kuta za kulia na kushoto ziwe mbali sawasawa. Kisha zikapimwa mita 1.17 kutoka ukuta wa mbele hadi kichwa cha msikilizaji, yaani asilimia 38 ya urefu wa chumba, mahali ambapo mawimbi ya mbele na nyuma hayakujaa mno wala hayakufa. Monita mbili na kichwa hicho zilifanywa pembetatu ya pande sawa, kila upande mita 1, twita, yaani spika ndogo za sauti za juu, zikiwa kimo kimoja na masikio. Na uso wa monita ukabaki sentimita 30 tu kutoka ukutani.

Ukaribu huo uliwashangaza wengi waliokuwepo, kwa kuwa wamezoea kuambiwa waziweke monita mbali na ukuta. Lakini sauti nzito huzunguka nyuma ya sanduku, ikagonga ukuta na kurudi, na ikirudi ikiwa imechelewa nusu ya wimbi huifuta sauti iliyotoka mbele. Monita iliyo mita 1 kutoka ukutani hupotewa na sauti ya karibu hezi 86, palipo moyo wa ngoma. Ikisogezwa hadi sentimita 30, pengo hilo hupanda karibu na hezi 286, ambako tabaka nene la nguo linaweza kulipunguza, na besi iliyozidi kwa sababu ya ukaribu hupunguzwa kwa swichi iliyo mgongoni mwa monita nyingi za siku hizi.

Hapa niseme neno juu ya desturi ya kuzilaza monita ubavu. Picha za studio kubwa zilizotumia Yamaha NS-10, iliyotoka mwaka 1978, zimewafundisha wengi kufanya hivyo, lakini monita nyingi za leo hutaka kusimama, maana zikilazwa, wufa, iliyo spika ya sauti nzito, na twita huwa na umbali tofauti na sikio kila msikilizaji anapoinamia upande.

Turudi Kitale. Ili kujua sauti hugonga wapi ukutani kabla ya kufika sikioni, kioo kidogo kilisogezwa ukutani polepole na kijana mmoja, ilhali mwenzake ameketi kitini, na kila alipoiona twita ndani ya kioo pakatiwa alama ya chaki. Juu ya alama hizo seremala alitundika fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10, zilizoshindiliwa blanketi kuukuu na nguo za mitumba, na kufunikwa gunia la katani. Trei za mayai zilizokuwa zimebandikwa ukutani ziliondolewa. Wembamba wake hauzuii chochote ila sauti za juu kabisa.

Kisha akaitwa mzee mpiga litungu kutoka upande wa Bungoma, ambaye nyuzi zake saba zilikuwa zimerekodiwa mapema.

"Mzee, hebu sikiliza, ndiyo yenyewe?"

Akainamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho. "Kijana wangu, uzi wa chini unawafunika wenzake. Mimi siupigi hivyo."

Alisema haki. Uzi ule ulikuwa umekazwa karibu na hezi 112, ambazo ni wimbi la pili la chumba, na wimbi hilo, kinyume na la kwanza, hujaa katikati baina ya kuta mbili, pale pale alipoketi msikilizaji. Pembe mbili za nyuma zikajazwa magunia ya nguo kutoka sakafuni hadi darini, mvumo ukapungua ingawa haukwisha, na mzee akaridhika.

Chumba cha Bungoma kilikuwa duka hapo kwanza, mita 3 kwa 6. Urefu ulio maradufu ya upana ni kasoro ya aina yake, kwa kuwa wimbi la pili la urefu na la kwanza la upana hukutana kwenye hezi 57. Monita ziliwekwa kwenye ukuta mfupi, na msikilizaji akakaa mita 1.5 kutoka ukutani; ngoma ikatoweka, maana hapo ni robo kamili ya urefu, ambapo wimbi la pili hufa, na la upana nalo limekufa katikati. Pembetatu ikapanuliwa kuwa ya mita 1.8 kila upande, kiti kikarudi nyuma sentimita 36, na ngoma ikasikika. Asilimia ikawa 31, si 38. Kanuni ile ya 38 ni mahali pa kuanzia, wala si sheria. Mngurumo wa malori yaendayo Malaba haukuzuilika, basi kazi ya kupima besi ikawekwa usiku, na miguu ya kiti ikachorewa rangi sakafuni ili mfagiaji akirudishe pale pale.