Pua Pembeni mwa Ukurasa

Madaftari ya kidato cha tatu yalikuwa 48, yamerundikwa mezani katika majilisi, migongo yote upande mmoja. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewapa wanafunzi insha ya kubuni, kama ile ya karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE: alama 20, maneno yasizidi 450. Mimi nilikaa kando na chai yangu, nikamtazama akisahihisha.

Alifungua daftari la kwanza, na kalamu nyekundu hakuigusa. Aliisoma insha hadi mwisho, midomo ikicheza bila sauti, hata nikadhani amesahau kilichomweka pale.

"Nikishika kalamu mapema nitaona makosa tu," akaniambia. "Kisa kitanipita."

Baada ya kusoma ndipo hutoa daraja. Ziko nne: D huishia alama 5, C 10, B 15, A 20. Daraja kwanza, tarakimu baadaye. Hii aliiweka C: inaeleweka, ila inajikwaa. Sasa akarudi mwanzo, kalamu mkononi. Tahajia mbaya aliipigia mstari. Palipokosekana neno aliweka kialama kama paa la nyumba, palepale pengo lilipo. Sentensi iliyompendeza ilipata tiki mbili. Jibu sahihi hakuliandika hata mara moja; mwenye daftari atalitafuta mwenyewe, kisha aandike masahihisho chini ya insha.

Ukurasa wa pili, msichana alikuwa ameandika, kwa Kiingereza, kwamba alipofika mlangoni "alisikia" harufu ya chapati. Mimi na wewe husikia harufu kila siku. Kwa Kiingereza sikio halina kazi hiyo. Mwalimu akatabasamu, akakizungushia kitenzi duara, na pembeni akachora pua. Pua ndogo tu, yenye matundu mawili. Nimepitia mikononi mwa walimu wengi wa kalamu nyekundu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunichorea kitu.

Insha za riwaya teule, *Fathers of Nations*, alizimaliza juzi, na hizo zina ukali wake. Alama zake hugawanywa kwa mafungu: utangulizi 2, hoja nne za alama 3 kila moja, lugha 4, hitimisho 2. Alinionyesha moja iliyowasimulia vizuri wanaume wanne wa riwaya hiyo waliokutana Banjul, lakini karibu isithibitishe lolote. Alikuwa ameipekua aya kwa aya akitafuta hoja, akapata moja, akaipa 3 zake. Wengine wangeikata yote kwa mstari mmoja.

Mwishoni mwa kila daftari huandika sentensi moja, wala si "jitahidi." Yule wa chapati aliambiwa kwamba kisa chake kinaanzia mlangoni, kwa hiyo afute aya mbili za kwanza. Nikaomba nizisome. Kuamka, kuoga, kunywa chai, kungoja matatu. Kweli, hazikuwa na kazi.

Akaandika 9. Akafunua tena ukurasa wa pili, akakaa nao kidogo, akaikata ile 9 na kuandika 10.

Kengele ya michezo ilipolia alikuwa amemaliza madaftari 17. Yale 31 yaliyobaki aliyatia kwenye kiondo, akaenda nayo nyumbani.