Sifa za Upande wa Chini

Boti ya mbio inayoendeshwa kwa rimoti ina nyuso mbili, na wengi wetu huvutwa kwanza na ule usio na kazi. Wa juu ndio upigwao picha: staha inayong'aa, namba ya mashindano ubavuni, jina lililochorwa kwa brashi, na kidereva kirefu kama kidole kilichovikwa kofia na jaketi la kuokolea. Wa chini haupigwi picha na mtu. Ipindue boti ya fundi hodari, utaona ubao uliofifia, uliosuguliwa mpaka ukakosa mng'ao, wenye kingo za kumkata mtu ngozi. Asiyejua atauliza kazi itamalizika lini. Kumbe hapo ndipo ilipomalizikia.

Naandika haya nikiwa Kent, kusini mwa Seattle, katika jimbo la Washington. Huku Wakenya na Watanzania tupo wa kutosha kujaza ukumbi wa harusi, lakini ukija kwenye bwawa la boti Jumapili asubuhi utakuta Waswahili ni mimi na mpwa wangu tu. Sishangai. Mapenzi haya yana kwao, na kwao ni hapa.

Tarehe 26 Juni 1950, katika Ziwa Washington, muuza magari aitwaye Stanley Sayres aliiendesha boti yake, Slo-mo-shun IV, kwa mwendo wa maili 160.323 kwa saa, yaani kilometa 258. Rekodi ya dunia iliyokuwapo ilikuwa maili 141.74, nayo ilikuwa mikononi mwa Mwingereza Malcolm Campbell tangu 1939. Watu huvunja rekodi kwa maili moja au mbili. Hii ilivunjwa kwa zaidi ya 18, tena na boti iliyochorwa na Ted Jones na kujengwa na Anchor Jensen katika karakana ya boti ya Seattle kwenyewe. Mwezi uliofuata wakaipeleka Detroit, wakatwaa Kombe la Dhahabu, na kwa kuwa desturi ilimpa mshindi haki ya kuandaa shindano linalofuata, mwaka 1951 mbio zikahamia Seattle. Mji ukashikwa wazimu. Watoto walikata boti za mbao, wakazifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli na kuziburuta barabarani huku wakikata kona. Baadhi yao sasa ni wazee wa miaka zaidi ya 75, nao ndio unaowakuta ukingoni mwa bwawa wakiwa na rimoti shingoni na kiti cha kukunja.

Boti ya kawaida hulima maji. Boti ya aina ya Slo-mo-shun huyakimbia. Mbele ina miguu miwili mifupi, kushoto na kulia, iitwayo sponsoni, na nyuma kuna rafadha. Ikishika kasi, mwili wote huondoka majini, ukabaki umegusa mahali patatu tu: kisigino cha kila sponsoni, na rafadha. Muundo huo wa pointi tatu ulikuwapo tangu miaka ya 1930. Walichofanya Jones na Jensen ni kuufikisha mahali ambapo mkia haukai tena majini bali unabebwa na rafadha inayozunguka nusu ndani, nusu nje, na hewa inayoingia chini ya staha ikasaidia kubeba kilichobaki. Aliyekulia pwani akiziona sponsoni mara ya kwanza atayafikiria matengo ya ngalawa. Yanafanana kwa macho tu. Tengo lipo ili chombo kisilale, na hilo ndilo linaloombwa. Sponsoni inaombwa kubeba, tena ibebe kwa sehemu ndogo isiyofika upana wa kiganja, juu ya maji yasiyotulia.

Na hewa hiyo inayobeba ndiyo inayoangusha. Mwaka 1955 dada wa Slo-mo-shun IV, Slo-mo-shun V, aliinua pua mno katika Ziwa Washington hilo hilo, akapiga sarakasi kamili kinyumenyume. Dereva Lou Fageol alitupwa nje, akaumia vibaya, lakini alipona. Tofauti kati ya kupaa vizuri na kupaa vibaya haionekani kwa macho. Ni digrii moja au mbili za pembe ya sponsoni, ambazo fundi huziamua akiwa na penseli mezani, miezi mingi kabla ya maji.

Sasa ipunguze boti hiyo mara 10. Futi 28 hivi za Slo-mo-shun IV zinakuwa sentimeta 85. Hapo ndipo hesabu inaponoga, kwa sababu vitu havipungui kwa kipimo kimoja. Urefu ukipungua mara 10, uzito hupungua mara 1,000, hivyo kila tani ya boti kubwa inakuwa kilo moja ya kielelezo. Kasi nayo hufuata kipeuo cha pili: ili mawimbi na mruko wa maji vifanane na vya boti kubwa, mwendo hugawanywa kwa 3.16 hivi. Zile kilometa 258 kwa saa zinakuwa kama 82, na kielelezo kizuri cha umeme hufika huko. Kwa hiyo mkia wa maji unaouona bwawani, ule unaorushwa juu na rafadha meta nyingi nyuma ya boti, si mchezo wa kuigiza. Ni fizikia ile ile ya mwaka 1950 iliyosomwa kwa herufi ndogo.

Kasoro pia husomwa kwa kipimo hicho. Uvimbe wa nusu milimita chini ya sponsoni yangu ungekuwa milimita 5 kwenye boti kubwa, na hakuna seremala wa boti ambaye angeuacha utoke karakanani. Ndiyo maana ujenzi wenyewe, ambao wageni hudhani ndio kazi, sitausemea sana. Unakata taruma za plaiwudi nyembamba ya mti wa birchi, unazipanga juu ya ubao ulionyooka, unaunganisha kwa epoksi, unalaza ngozi ya plaiwudi isiyofika milimita moja. Ndani unapaka epoksi nyepesi ili mbao zisinywe maji, na kwenye matundu yote yaliyobaki unajaza povu gumu, kwani ipo siku itapinduka nawe utataka ielee. Mwenye mkono wa kawaida na subira ya kawaida ataweza.

Subira isiyo ya kawaida inaanza ukishaigeuza boti juu chini. Msasa haushikwi kwa vidole, maana kidole hufuata bonde na kulichimba zaidi. Unaubandika kwenye kipande cha aluminiamu kilichonyooka au kioo kinene, kisha unasugua kwa mshazari, upande mmoja na mwingine. Unaanza na namba 120 kuondoa wingi, 220 kusawazisha, unapaka epoksi tena, unarudi na 400. Kila mara unasimamisha rula ya chuma juu ya ubao na kuweka taa nyuma yake. Mwanga ukipenya katikati, kuna bonde. Ukipenya pembeni, kuna mgongo. Bonde karibu na kisigino cha sponsoni huisukuma boti juu kupita kiasi. Mgongo huivuta chini, kwa kuwa maji yakipita juu ya kitu kilichopinda hukifuata na kukinyonya. Boti yenye mgongo mkiani huanza kutikisa kichwa, juu chini, juu chini, na mwenye rimoti hawezi kulitibu hilo kwa vidole vyake.

Kwa sababu hiyo hiyo kingo za nyuma lazima ziwe kali. Huku juu tumezoea kulainisha kila ukingo, ndio ustaarabu wa seremala wa samani. Huku chini ukingo wa mviringo ni wizi: maji hayajui pa kuachia, yanaupanda ukuta wa sponsoni na kuishika boti. Fundi hujenga ukingo kwa gundi ngumu, akaupiga tupa mpaka ukawa pembe iliyosimama. Ni kazi ya usiku mzima kwa kitu kisichozidi urefu wa kidole gumba.

Mpwa wangu alinikuta katika hali hiyo majira ya baridi yaliyopita, nimeinamia mezani na taa, akasimama mlangoni akinitazama. "Mjomba," akasema, "unawapambia samaki?"

Nilimpa rula na taa. Alitafuta mwanga kwa muda, akaupata upande wa kulia, karibu na nyuma, mahali ambapo nilikuwa nimeshajiridhisha. Tangu siku hiyo rula ni yake.

Simaanishi kwamba upande wa juu udharauliwe. Una magumu yake, na la kwanza ni kwamba mti haupungui mara 10. Staha ya Slo-mo-shun IV ilikuwa ya mbao zilizopigwa vanishi, rangi ya mkangazi. Ukitumia mbao ile ile kwenye kielelezo, nyuzi zake zitakuwa nene mara 10 kuliko zinavyopaswa, na boti itaonekana kama kabati. Lazima utafute veniya ya mti mwingine wenye nyuzi laini mno, uitie rangi ya mti unaoutaka, yaani udanganye ili useme kweli. Rangi za dukani nazo huonekana nzito kwenye kitu kidogo, hivyo wenye jicho huongeza tone la nyeupe. La pili ni uzito. Kila koti la vanishi lina gramu zake, nami nimeona boti nzuri mno, zenye makoti ya kujiangalia uso, zikisota mwishoni kabisa. Nina mizani ya jikoni mezani na ninaipima boti kabla na baada ya kila koti. Uzuri wa juu sina ugomvi nao, ila ulipe nauli.

Rafadha ni uso wa chini mwingine. Nyingi za mashindano huja zikiwa ghafi, za aloi ya shaba na berili, makali yake butu. Fundi huzipiga tupa ukingo wa mbele mpaka ukawa wembe, hupunguza unene wa mapanga, kisha huziweka kwenye kipimo cha mizania ili kuona panga lipi linaanguka. Vumbi la berili ni sumu ya mapafu, kwa hiyo panga husuguliwa likiwa limelowa, na barakoa usoni. Ukiona mtu analipiga tupa kavu, ondoka chumbani. Mizania si anasa hapa. Betri ya seli nne ina volti 14.8, mota ya mizunguko 2,000 kwa kila volti, isipobebeshwa mzigo, hufika karibu 30,000 kwa dakika, ambayo ni 500 kwa sekunde moja. Kitu kinachopepesuka mara 500 kwa sekunde hula bomba la shafti kabla ya mchana kwisha.

Wazee wa bwawa wamegawanyika kuhusu umeme. Slo-mo-shun IV ilisukumwa na injini ya Allison ya silinda 12, ile ya ndege za kivita, iliyosikika mji mzima, na wapo wanaosema boti isiyonguruma haina roho. Nawaheshimu lakini sikubaliani nao. Kwanza, umeme ndio wenye haki ya uzaliwa wa kwanza: boti ya kwanza kuendeshwa kwa redio, ile ambayo Nikola Tesla aliionyesha New York mwaka 1898 mbele ya watu waliodhani ni uchawi, ilitembea kwa betri. Pili, na hili ndilo la maana kwangu, injini ikinyamaza unausikia upande wa chini. Sponsoni iliyonyooka hupiga maji kwa mlio mfupi mkavu, tena wa kufuatana sawasawa. Yenye kasoro hukokota, mlio wake una mkia. Mpwa wangu husikia ile ya kulia ikikokota kabla sijaiona pua ikishuka.

Na pua ikishuka, au ikipanda, ndipo siku ya majini inapogeuka kuwa karakana. Betri inasogezwa nyuma kidogo, kisha mbele, hadi kitovu cha uzito kikae pale kinapotakiwa, kipimwe kutoka kisigino cha sponsoni. Kishikio cha shafti kinainuliwa kwa unene wa karatasi. Boti inaenda tena, inarudi. Maji yaliyoingia yanamwagwa, shafti inachomolewa na kupakwa grisi, betri inapelekwa nyumbani na kuachwa kwenye volti 3.8 kwa kila seli, ndani ya kasha lisiloshika moto, kwani betri hizi zikikasirika hazizimiki kwa maji ya ndoo.

Halafu huja suala la mikwaruzo. Bwawani kuna maboya, kuna vijiti vinavyoelea, kuna boti za wenzako. Wapo wanaotaka boti irudi kabatini ikiwa mpya, na usiku wa Jumapili huwakuta na makopo ya rangi. Mimi ya juu huiacha. Staha yangu ina alama ya boya, ina rangi ya bluu ya boti ya jirani iliyonigonga kwenye kona, na jina upande wa kushoto limepoteza herufi. Ya chini siiachi ilale. Mpwa akishakula huleta rula na taa, mimi naleta msasa wa 400, tunaigeuza.