Kupanda Jabali Shams kwa Hisabu ya Watu Wawili

Jabali Shams, lililo refu kupita majabali yote ya Omani, lina vilele viwili: cha kaskazini, chenye kufikia mita 3,009 au karibu na hapo, ambacho kimo mikononi mwa jeshi na raia haruhusiwi kukikaribia, na cha kusini, kilichopungukiwa na mita chache tu kutimia 3,000, ambacho ndicho kinachopandwa na wasafiri kwa kufuata alama za rangi zilizopakwa juu ya mawe. Nimekusudia kueleza hapa namna tulivyokipanda kilele hicho cha kusini, mimi na mwenzangu, mzaliwa wa Unguja aliyekulia Nizwa, katika majira ya baridi. Kwani mambo yaliyotufikisha na kuturejesha salama yaliamuliwa karibu yote kabla hatujainua mguu, nayo yalihusu maji, saa, na haki ya kila mmoja kumwamuru mwenziwe.

La kwanza ni maji, maana huko juu hakuna. Mgeni anayepita Nizwa na kuona mitende iliyonawiri na maji yakipita katika mifereji ya kale ya falaji, ambayo mitano kati yake, ukiwemo ule wa Daris ulioko mjini humo, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, aghalabu hudhani kwamba mlima unaolisha maji hayo nao una chemchemi zake njiani. Kinyume chake ndio ukweli. Jabali hili ni la mawe ya chokaa, yaliyojijenga chini ya bahari katika zama za kale mno, nayo yamejaa nyufa na mashimo yaliyochimbwa na mvua yenyewe. Basi tone linalodondoka kileleni huzama ndani mara moja, likapita gizani, na halitokezi tena ila chini kabisa, pale linapokutana na miamba isiyopitisha maji. Kwa hiyo anayepanda huwa anayakanyaga maji asiyoweza kuyafikia, na kila atakachokunywa sharti akichukue mgongoni, lita moja kwa kilo moja.

Tukafanya hisabu kwa saa wala si kwa masafa, na nashikilia kwamba hiyo ndiyo njia ya haki, kwa kuwa mwili hupoteza maji kwa muda unaofanya kazi, hata kama majabali yamekuzuia usisonge mbele. Tulikadiria saa kumi za kwenda na kurudi, na nusu lita kwa kila saa katika hali ile ya ubaridi (wakati wa joto hata lita nzima huenda isitoshe), ikawa lita tano. Juu yake tukaongeza lita moja ya akiba ambayo tulikubaliana isifunguliwe ila kwa dharura. Katika lita hizo sita kila mtu aliacha mbili njiani wakati wa kupanda, chini ya mti wa jamii ya mwangati, ndugu wa ile miangati ya Usambara, zikafunikwa kwa mawe kwa sababu ya mbuzi wazururao huko, wasiochagua cha kutafuna. Sharti la kuacha maji namna hii ni moja: yaachwe mahali ambapo huna budi kupapitia ukirudi, na akiba ya dharura isiwe miongoni mwake kabisa.

Ama kuhusu saa, mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni ambayo wapanda milima wangali wanaitumia: saa moja kwa kila maili tatu, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani kama mita 600. Kwa kuwa njia yetu huanzia kwenye uwanda ulio mita zipatazo elfu moja chini ya kilele, kanuni hiyo ingetupa saa mbili kasoro za kupanda tu, mbali na masafa yenyewe. Lakini Naismith aliipimia Uskoti, ilhali hapa mguu hukanyaga mawe yaliyochongoka na yanayoteleza. Tukaizidisha maradufu, na haikuwa ziada. Mchana wa Disemba katika latitudo ile ni saa kumi na nusu hivi. Tukaondoka saa kumi na moja alfajiri kwa kurunzi, tukawekeana mwisho wa kupanda: saa sita mchana, popote tutakapokuwa, uso ugeuzwe. Usiku uliotangulia tulilala uwandani, ili mwili uanze kuzoea hewa ambayo kileleni kanieneo yake ni kama sehemu saba katika kumi ya ile ya pwani.

Sasa nifike kwenye faida ya kuwa wawili, ambayo nadhani wengi huifahamu nusu tu, wakiona mwenzi ni wa kukufurahisha kwa mazungumzo au kukubeba ukivunjika. Katika hewa kavu jasho hukauka kabla halijaonekana, hata mtu hudhani hatoki jasho, na kiu huchelewa kubisha. Isitoshe, akili inayopungukiwa na maji ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa ihukumu kwamba imepungukiwa. Jicho la mwenzio, lililo nje ya mwili wako, huona chumvi nyeupe iliyoganda shingoni mwa shati lako, huona mguu ulioanza kujikwaa, husikia majibu yanayofupika. Tulipatana kwamba mwenye mwendo wa pole ndiye atangulie, na kwamba mwendo uwe ule unaomwezesha kusema maneno kamili bila kuhema, akinyamaza, aulizwe. Karibu na saa nne asubuhi mwenzangu alisimama akasema, "Ndugu yangu, mbona kimya? Keti unywe." Niliketi nikanywa, nikala tende na karanga zenye chumvi, kwani maji matupu mengi bila chumvi nayo yana madhara yake.

Kadhalika katika kutafuta njia. Alama za nyeupe, nyekundu na njano hupotea machoni jua linapowaka juu ya mawe meupe, na aliye peke yake huiacha alama ya mwisho kwenda kubahatisha inayofuata, ilhali ukingo wa Wadi Nakhr, genge lenye kina cha karibu mita elfu moja, hauko mbali. Sisi mmoja alisimama kwenye alama iliyo yakini, asiondoke, mwingine akazunguka akitafuta, mpaka aite. Ni kazi ya dakika chache, nami siijui njia iliyo bora kuliko hiyo.

Tulifika kabla ya saa sita. Adhuhuri tulisali kwa kutayamamu, kwa kuwa sheria huruhusu pale maji yanapohitajiwa kwa kunywa, kisha tukateremka. Maji yetu tuliyakuta chini ya mti, na lile jua la magharibi lilituona tumekwisha kufika uwandani, akiba yetu ikiwa haijafunguliwa.

Basi msomaji mwenye nia ya kwenda, naaende baina ya Novemba na Machi, achukue nguo nzito, maana magharibi ikiingia ubaridi huteremka upesi sana, na kabla ya kununua viatu apatane kwanza na mwenzi ambaye, akimwambia "turudi", hatabishana naye.