Wavuvi wanalia na nani?

KITENZI 'lia' hakina uchoyo. Mtoto hulia, kengele hulia, simu hulia, hata bunduki hulia, na hakuna anayeitafutia bunduki chozi. Kinachoziunganisha ni sauti.

Kinachonikera ni 'lia na' ya vichwa vya habari. Chukua mfano huu niliojitungia: 'Wavuvi wa Port Victoria walia na askari wa Uganda'. Msomaji wa Bunyala ataelewa haraka: wavuvi wanalalamikia kukamatwa ziwani na kunyang'anywa nyavu. Lakini 'na' hii ni ile ya 'nilicheka na jirani'. Basi askari nao wametokwa na machozi! Na akiandika mtu 'walia ufuoni', mwingine atauliza kama samaki alikuwa wa kukaanga au wa mchuzi, maana 'lia' pia ni kauli ya kutendea ya 'la'. Ndiyo tukapata chumba cha kulia na mkono wa kulia.

Nitaambiwa, "Prof, hiyo ni lugha ya watu." Sawa. Mitaani 'kulizwa' ni kutapeliwa, na sina neno. Aliyelizwa hulia kweli. Lakini mvuvi aliyepiga ripoti kituoni, akataja siku na idadi ya nyavu, hakulia. Alishtaki. Kumwandika kuwa analia ni kumfanya mtoto, na mtoto hubembelezwa tu, hajibiwi. 'Lalamikia' ni refu, najua wahariri wanabana nafasi. 'Wadai nyavu zao' inaenea pale pale.