Mkia wa Sauti

Kidole gumba kikishauachia ulimi wa likembe, ala ya ndimi za chuma juu ya kibao, kinachofuata chote ni kupotea. Nguvu iliyotiwa na kidole huliwa na msuguano ndani ya chuma, hupenya kwenye kibao, na sehemu ndogo tu hufika masikioni. Anayepima ufifiaji hashughuliki na ukubwa wa sauti, bali na kasi ya kuondoka kwake.

Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza mwaka 1895 kupima mwangwi wa ukumbi kwa bomba la kinanda, saa na masikio yake, usiku watu wamelala. Tangu hapo muda wa kufifia huhesabiwa mpaka sauti ishuke desibeli 60, yaani nguvu yake ibaki sehemu moja ya milioni. Wataalamu wa matetemeko nao, katika mji wa Goma unaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo, wanaujua ujanja huu: ukubwa wa tetemeko huweza kukadiriwa kwa urefu wa mkia wake.

Goma, desibeli 60 ni anasa. Mvua juu ya mabati, pikipiki na jenereta huumeza mkia kabla haujaisha. Basi hupimwa desibeli 20 za mwanzo, muda wake ukazidishwa kwa 3. Simu hutosha kurekodi, mradi isiwe ile inayojiongezea sauti kila inapodhoofu. Hiyo huonyesha uhai pasipo na uhai. Halafu kuna nyumba. Ukuta wa mbao huiachia sauti itoke, ukuta wa mawe ya volkano uliopigwa lipu huirudisha, na mpimaji asiye makini huandika mwangwi wa chumba kwa jina la ala. Mjuzi huipiga ala hiyo hiyo ndani na uwanjani, kisha hulinganisha.

Kwenye mchoro wa desibeli, ufifiaji wa kawaida ni mstari ulionyooka. Nanga ya Maziwa Makuu, yenye uzi mmoja uliopitishwa huku na huku juu ya mti uliochongwa, huzima sauti zake kali mapema pale uzi unapokuwa wa kano badala ya chuma. Kwenye gita mstari huweza kupinda: mtikisiko wa juu na chini husukuma kibao na kufa haraka, wa pembeni hubaki nyuma. Gabriel Weinreich alieleza jambo la jamaa hiyo katika piano mwaka 1977. Ngoma haichelewi; ngozi iliyonyonya unyevu hulegea na kuzima upesi zaidi, ndiyo maana hupashwa moto.

Likembe ndilo lenye mchoro mzuri kuliko yote. Pete za waya zilizovishwa ndimi hulia tu wakati ulimi unayumba kwa upana. Upana ukipungua, hunyamaza ghafla, na mstari hushuka ngazi moja huku sauti tupu ya chuma ikiendelea peke yake.